Plagi Zenye Uzi Mwekundu

Waya wa pasi haukatiki popote tu. Unakatikia shingoni, pale unapoingia kwenye plagi au pale unapotokea kwenye mpini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoukunja, wanapouvuta na kuuzungusha kama kamba ya mbuzi. Kwa nje utauona mzima. Ndani vijiwaya vyote vimeshakatika vimebaki viwili, na hivyo viwili ndivyo vinavyobeba mzigo peke yao. Mteja anakuja anasema pasi imekufa. Pasi haijafa, ila ukimwambia hivyo anadhani unatafuta njia ya kumlia hela.

Haya nilifundishwa na baba, na sina ugomvi na mafunzo yake. Ugomvi wetu uko kwingine, nami nitausema kama ulivyo, maana nimekaa nao kifuani mpaka umeota kutu.

Baba alikuwa fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani: pasi, feni, blenda, majagi ya kuchemshia maji. Kibanda chetu kilikuwa kati ya kinyozi na duka la ndoo za plastiki. Tulikuwa na meza moja iliyojaa alama za kuungua, rafu moja ukutani na viti viwili. Watu walimwita Mzee Uzi. Jina lilitokana na desturi yake: kila waya aliotengeneza aliufunga uzi mwekundu karibu na plagi, mizunguko mitatu na fundo dogo. Uzi ule ulikuwa na sheria moja, na mtaa mzima uliijua. Kitu chenye uzi wa Mzee Uzi hakipimwi tena. Hukichomeki kwanza ukijaribu, hukigusi kwa testa, na humwulizi mzee umefanya nini. Unabeba unaondoka. Mtu akiuza pasi yake kuukuu, alimwonyesha mnunuzi ule uzi na mabishano yakaisha.

Mimi ni mwanawe wa pekee, tena wa kike, na nilikaa kwenye kiti cha pili miaka saba. Nilikuwa nakata, nachuna, nafunga skrubu, lakini kufunga uzi, hapana. Donge la uzi lilikaa kwenye mfuko wa shati lake.

"Siku nitakayokukabidhi hili donge," aliniambia, "ndiyo siku utakuwa fundi. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi, hata uote mvi."

Kinyozi alikuwa akinitania kila asubuhi. "Binti Uzi, hilo donge utapewa ukiwa bibi!" Nilicheka naye, lakini usiku wala mchana sikuwa na kitu kingine nilichokitaka duniani. Nilitaka mtu aje na feni yake, aulize fundi yuko wapi, na mimi nisimame.

Miaka miwili iliyopita nilifungua plagi ya feni ambayo baba alikuwa ameitengeneza asubuhi ileile. Nilitaka tu kukaza skrubu iliyokuwa inacheza. Ndani ya waya kuna nyaya tatu: wa kahawia ndio wa moto, wa buluu ndio wa kurudisha, na wa kijani wenye mstari wa njano ndio wa ardhini, ambao kazi yake ni kukukinga siku mambo yakiharibika. Kahawia na buluu zilikuwa zimebadilishana. Hilo peke yake halimwangushi mtu, na feni ingezunguka vizuri tu. Lakini baba alikuwa mtu ambaye angekurushia bisibisi ukikosea hivyo. Nikafungua ya pili, nikaikuta sawa. Nikafungua ya tatu, na humo wa kijani ulikuwa umekaa mahali pa moto.

Nilijua kabla sijataka kujua. Baba alikuwa haoni rangi tena. Macho yake yalikuwa yanafifia kidogo kidogo, naye akawa anafanya kazi kwa kukariri: anafungua plagi ya zamani, anapapasa kuona upi uko wapi, anakata waya, anachuna, anarudisha. Tatizo ni kwamba ukishakata, nyaya zinajigeuza ndani ya ganda, na ule uliokuwa kushoto unatokea kulia. Kwa mwenye macho si kitu. Kwa asiye nayo, hapo ndipo mauti yanapokaa.

Sikumwambia. Nani amwambie? Mama alikuwa ameshafariki, na mtu aliyebakiwa na jina lake tu humvui hilo jina mchana kweupe. Aibu ya mwenzio isitiri, ndivyo tulivyolelewa. Kila siku saa saba baba alikwenda nyumbani kula na kujinyoosha hadi saa tisa. Katika saa hizo mbili nilifungua kila plagi aliyoifunga. Zilizokuwa sawa nilizifunga. Zilizokuwa na makosa nilizifanya upya, halafu nikakata uzi wake na kufunga mwingine, kutoka kwenye kipande nilichojinunulia na kukificha ndani ya redio mbovu. Nilijifunza fundo lake mpaka nikaliweza. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake lilielekea upande wake, nami nikaufundisha mkono wangu wa kushoto kufunga kama yeye. Kwa macho usingeweza kuyatofautisha. Nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi. Mwizi angalau hutia mfukoni alichoiba. Mimi nilikuwa najiibia kazi yangu nampa mwingine.

Kinyozi aliniona. Tulitenganishwa na mbao zenye nyufa tu.

"Unafumua alichoshona mzee?" aliniuliza siku moja.

"Natoa vumbi," nikamwambia.

Akatabasamu. "Haya. Vumbi ni baya kweli."

Miaka miwili, hakuna mtu aliyetikiswa hata kidogo. Jina la Mzee Uzi likazidi kung'aa. Wateja walisema mzee anazeeka lakini mkono wake unazidi kuwa mtamu, naye baba alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika huku akipapasa lile donge mfukoni.

Halafu ikaja Jumanne ya shangazi.

Shangazi, dada mdogo wa baba, alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo mkali na mshono ulionyooka kama rula. Mimi alinipenda, na kwangu ndiye aliyebaki mahali pa mama. Jumanne hiyo nilikuwa nimekwenda kununua nyaya kwenye maduka ya jumla, ambako foleni pekee inakula nusu siku. Shangazi alileta pasi yake asubuhi na kumwachia baba. Niliporudi ilikuwa saa kumi, na umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu adhuhuri. Sijaweka hata mzigo chini, shangazi huyo mlangoni.

"Pasi yangu iko wapi? Nina sare arobaini zinanisubiri, na watoto wanafungua shule Jumatatu."

"Ipo tayari," baba akasema. "Mpe shangazi yako."

Nikaichukua rafuni. Uzi mwekundu ulikuwa mahali pake, mizunguko mitatu. Nilijua haijapita mikononi mwangu. Baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo, uso umeelekezwa kwetu, na shangazi amenyoosha mkono. Kufungua plagi ile mbele yao ingekuwa sawa na kumzaba baba kofi mbele ya dadake. Ningeweza kudanganya. Ningesema skrubu imelegea, ningesema njoo kesho. Miaka miwili niliishi kwa uongo asubuhi na jioni, na siku hiyo moja nilipouhitaji ukanikimbia.

"Kaka, mkono wako usikauke," shangazi akasema. Nikampa pasi mkononi. Mimi, si mwingine.

Nilijiambia kwamba umeme haupo, nitaifuata kesho yake; asubuhi ya pili yake umeme ukanitangulia kurudi. Shangazi akachomeka pasi, akasubiri. Haikupata moto. Na haingepata, kwa sababu wa kijani ulikuwa mahali pa wa kahawia: umeme wote haukwenda kwenye koili ya kupasha moto, ulikwenda kwenye mwili wa pasi, kwenye lile bati linalong'aa chini. Shangazi akafanya kile kinachofanywa na kila mtu anayepiga pasi. Alilowesha vidole viwili kwa mate akagusa.

Mkono uling'ang'ania. Umeme ulipomwachia, aliangukia mkono uleule kwenye miguu ya chuma ya cherehani, kifundo kikavunjika. Mumewe aling'oa plagi ukutani, na hiyo ndiyo sababu ninamsimulia kama mtu aliye hai. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua mpaka ndani. Daktari alisema mfupa utaunga, lakini vile vidole visitegemewe kukunjika tena. Mwambie hivyo mwanamke anayeshona.

Jumamosi alasiri tukakaa sebuleni kwake. Shangazi alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mumewe alikuwepo, na majirani watatu, na kinyozi aliyesema amekuja kumpa pole mgonjwa. Pasi ilikuwa juu ya meza, waya wake umezungushwa vizuri kana kwamba kuna mtu atakayeitumia.

Mume wa shangazi ni mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa unamshinda. "Shemeji," akamwambia baba, "mimi si mtu wa kelele. Lakini huu uzi ni wako."

Baba akanyoosha mkono. Nikamwekea plagi kiganjani. Akapitisha kidole gumba juu ya lile fundo, taratibu. Mimi nilikuwa nalitazama fundo kwa macho yangu mawili, na nilijua ni lake, maana hakuna mkono mwingine uliokuwa umeigusa ile plagi.

"Si langu," akasema.

"Unasemaje, kaka?" shangazi akauliza.

"Fundo hili si langu. Ni la binti yangu. Amekuwa akifunga uzi kwa siri, anadhani sijui. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe."

Watu wanasema kuangushiwa jumba bovu. Mimi nililisikia linavyoanguka, tofali moja moja. Kila mtu alinigeukia. Nilimtazama kinyozi, yule aliyeniona mchana baada ya mchana nikitoa vumbi. Alikuwa anachunguza kucha zake.

Ningesema nini? Niseme baba ni kipofu, na kwamba kila feni iliyozunguka salama katika nyumba zenu kwa miaka miwili niliizungusha mimi? Kufunga uzi kwa siri ni kweli nilifunga. Pasi ni kweli niliitoa mimi. Uongo wenye ukweli mwingi namna ile hauna pa kuushika.

Shangazi hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Wewe ndiye uliyenipa mkononi, mwanangu. Nilikukosea nini?"

"Nisamehe, shangazi," nikasema.

Wote wakalipokea neno hilo kama kukiri. Kabla hatujaondoka, mume wa shangazi akaniambia niitoe ile pasi nyumbani kwake, hataki kuiona. Huko nje nilikata plagi yake nikaitia kwenye mkoba wangu. Nilidhani itafika siku ya kusema.

Njiani baba alinishika bega, kama alivyozoea barabara ikiwa na mashimo. "Usijikondeshe," akaniambia. "Jina la kijana huota tena, kama kucha."

Nikatafuta njia ya kumsamehe, na niliipata. Nilijiambia kwamba vidole navyo vinazeeka. Kama macho yamemtupa, gumba nalo limeanza kumtupa. Amepapasa fundo lake mwenyewe asilitambue, masikini, na akasema alichoamini. Nililala na hilo, nikaamka nalo. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekosea, na mimi sikutaka kumchukia baba yangu.

Wiki iliyofuata biashara ilifurika. Huruma huleta wateja kuliko tangazo. Kila aliyekuja alinikata jicho kisha akamwambia baba, "Mkono wako tu, mzee. Huyu asiguse." Nikapewa ufagio. Nilifagia, nikakunja nyaya, nikapanga skrubu kwa ukubwa. Kibaya zaidi, baba aliacha kwenda nyumbani mchana. Alikula palepale mezani na kuendelea. Rafu ikajaa plagi ambazo sikuwa nimezifungua, zimechanganyika na zile za zamani ambazo wenyewe hawajazifuata. Nilikuwa nazitazama kama mtu anayetazama nyoka wakilala.

Jumatano akaja mwalimu mstaafu, mama wa heshima zake, na jagi la chuma la kuchemshia maji. Waya umeliwa na panya. Binti yake alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na maji ya moto yalitakiwa kila saa, kwa hiyo angesubiri hapohapo. Akaketi kwenye kiti changu.

Nikasimama nyuma ya baba na ufagio. Akapapasa, akakata, akachuna. Nikamwona anaushika wa kijani, anausokota ncha kwa ustadi wake wote, anaupeleka mahali pa moto.

"Baba," nikasema, "hebu nikushikie."

"Kafagie."

"Baba, huo ni wa kijani."

Mkono wake ukasimama. Nusu dakika nzima ulikuwa palepale juu ya skrubu. Angeweza kuniambia lolote. Angeweza kudondosha bisibisi akaniambia niokote, na mimi ningeinama nikaelewa, na nikainuka nikamaliza kazi ile huku tukiongea habari za mvua. Nilimwomba kwa moyo wangu wote.

"Mwache mzee afanye kazi!" mwalimu akasema. "Leo wewe ndiye wa kumfundisha rangi? Ulichomfanyia shangazi yako hakijakutosha?"

"Kazi yangu naijua," baba akasema. Akakaza skrubu. Akatoa donge mfukoni, akafunga uzi, mizunguko mitatu.

Mwalimu alikuwa ameshainuka kulipokea jagi. Nilichukua koleo juu ya meza, nikaukata ule waya chini kidogo ya uzi. Kisha nikaigeukia rafu. Feni, katwa. Pasi, katwa. Blenda, katwa. Mwalimu akapiga kelele kuita watu, kinyozi akaja na wembe mkononi na mteja wake ana povu shavu moja, na mimi nikaendelea mpaka chombo cha mwisho. Nilikuwa nalia, na sikuona aibu. Kitu kisicho na plagi hakimuui mtu.

"Amerukwa na akili," mwalimu akasema. "Sasa naamini. Huyu alimchoma shangazi yake kwa kusudi." Akalikumbatia jagi lake lililokatwa mkia, akatoka kwenda kuutangazia mtaa.

Nikazikusanya plagi zote kwenye beseni la skrubu, kila moja na uzi wake mwekundu. Zilikuwa kumi na nne. Nikafungua mkoba nikaongeza ile ya shangazi, yenye weusi wa moto kwenye pini moja. Nikalisukuma beseni mbele ya baba. Nikachukua mkoba, nikatoka.

Sikufika mbali. Nilisimama nje ya mlango, kando ya mfereji, nikiangalia ndani. Kinyozi alikuwa amerudi kwa mteja wake.

"Binti?" baba akaita.

Sikujibu. Aligeuza uso moja kwa moja nilipokuwa nimesimama, kwenye mwanga, na hakuniona.

Akadhani yuko peke yake. Halafu akalivuta beseni. Akachukua plagi moja, akapitisha gumba juu ya fundo, akaiweka kushoto. Akachukua nyingine, akapapasa, akaiweka kulia. Mwanzoni sikuelewa. Ya tatu kushoto, ya nne kushoto. Nilizijua zile plagi moja moja kama mtu anavyojua meno yake. Ile nyeupe ya feni, yenye fundo langu, ilikwenda kushoto. Ile ya blenda aliyoifunga mwenyewe juzi ilikwenda kulia. Nyeusi yenye ufa, yangu, kushoto. Ya jagi la mwalimu, kulia. Gumba halikusita hata mara moja, na hakukosea hata moja.

Ikabaki ya shangazi chini ya beseni. Akaichukua. Akaligusa fundo mara moja tu, wala hakuhitaji ya pili. Akaishika kiganjani kwa muda, kichwa kimeinama, halafu akaiweka kulia, pamoja na zake.